Mshono wa Nje

Mara ya kwanza Dilnaz Hanif kuingia kwenye kikao chetu alichelewa dakika kumi, akampa kila mtu mkono kama yuko harusini, kisha akamwambia mwenyekiti kwamba bega la kushoto la koti lake lilishonwa na mtu aliyekuwa na haraka zake. Mwenyekiti wetu ni Dokta Batholomeo, bingwa wa magonjwa ya watoto, ambaye hata madaktari wenzake wakimwona hupunguza sauti. Alilitazama bega, akakiri kwamba koti limekuwa likimsumbua tangu alinunue. Nikajua mwaka huo sitasinzia vikaoni.

Mimi ni Joha, na kazi yangu ni kuandika. Kamati ya ushauri ya magonjwa adimu ina wajumbe tisa, na mimi simo. Nakaa pembeni na kompyuta, naandika nani kasema nini, halafu nayasafisha maneno yao yapendeze. Ni kazi inayomfundisha mtu kununa bila kuonekana. Kamati yenyewe haina dawa wala kitanda. Inakaa Mtumba, wizarani, inasoma taarifa, inamwandikia waziri kwamba ugonjwa fulani, ingawa wenye nao ni wachache, unastahili kuingia kwenye orodha ya yale ambayo vifaa vyake hutolewa hospitali za serikali. Ukiwa nje ya orodha, wewe na Mungu wako.

Dilnaz aliteuliwa kuwakilisha familia. Siku hiyo ya kwanza alifungua mfuko, akatoa gauni la mtoto wa miaka minne, akaliweka katikati ya meza juu ya makabrasha yetu. Mishono yake yote ilikuwa nje, inaonekana kila uzi. Mjumbe mmoja, mchumi, mtu mwema sana, akadhani limegeuka kwa bahati mbaya. Akalichukua, akaligeuza, akalikunja kwa adabu na kulirudisha. Dilnaz akaligeuza tena.

"Mtoto angelivaa hivyo ulivyoliweka wewe," akamwambia bila hasira, "jioni mama yake angemvua gauni pamoja na ngozi."

Hakuna taarifa iliyowahi kutufundisha haraka namna ile.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la kitaalamu ambalo nimeliandika mara nyingi mno na bado nalinakili. Kwa maneno ya nyumbani, mtoto huzaliwa na ngozi isiyoshikamana. Ukimbeba kwa nguvu anatoka malengelenge. Kola ikimkwaruza anachubuka. Hauambukizi na hauponi, unatunzwa tu. Kinachotakiwa hasa ni bandeji laini isiyogandia kidonda, kwa sababu ile ya kawaida ikishakauka, kuibandua ni kumchubua upya. Hiyo bandeji ndiyo iliyokuwa kesi yetu.

Dilnaz hakuujulia ugonjwa huo vitabuni. Duka lao liko katikati ya mji wa Dodoma, alilianzisha babu yake, likarithiwa na baba yake, Mzee Hanif. Mbele kuna majora ya vitambaa, katikati cherehani, na nyuma, kwenye pazia la kijani, chumba cha kukatia. Dilnaz anajulikana kwa sare za shule; nusu ya makarani wa mji huu walikua ndani ya kaptula zake. Ana miaka hamsini. Hakuolewa, na ukimuuliza sababu, anakuuliza wewe uliyeolewa umepata nini.

Nguo za mshono wa nje hazitangazi. Wanaozihitaji huelekezana. Mama anakuja na kanga kuukuu, ya bibi yake ikiwezekana, iliyofuliwa mpaka jina lake halisomeki, kwani hakuna kitambaa dukani kinachoishinda kwa ulaini. Mtoto hapimwi kwa tepu, tepu ina kingo. Dilnaz hupitisha uzi mnene wa pamba pembeni ya mwili bila kuugusa, akafunga fundo, kisha uzi ndio anaoulaza juu ya tepu. Vipimo huviandika kwenye daftari gumu, ukurasa mmoja kwa mtoto mmoja, na mahali pa jina hubana kwa pini kipande cha kanga iliyoletwa. Majina haandiki. Akina mama wenyewe ndio waliomwomba hivyo.

Walikuwa na sababu. Watu wakimwona mtoto mwenye vidonda mwili mzima, wanachouliza kwanza ni nani kamuunguza. Yasinta, mchuuzi wa samaki kutoka Mtera, aliwahi kufikishwa kwa mtendaji wa kijiji na mwanawe Denis mgongoni, akituhumiwa kummwagia maji ya moto. Walimhoji siku mbili. Hakushtakiwa, lakini tangu hapo akiona mtu ameshika kalamu na karatasi anabadilisha njia.

Sasa nifike kwa Shahil, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Shahil ni mdogo wake Dilnaz, na ana ugonjwa huohuo. Mshono wa nje ulibuniwa na mama yao kwa ajili yake. Alipotimiza miaka kumi, wateja walianza kuuliza kama vidonda vile vinaambukiza, na Mzee Hanif, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mwoga, akawaambia kijana amepelekwa Nairobi kwa shangazi yake akasome. Hakupelekwa popote. Aliingia nyuma ya pazia la kijani akabaki huko, akawa mkata vitambaa ambaye mji mzima hauna mfano wake, mkasi wake umeviringishwa flaneli kwenye vishikio. Wazazi wakafa, uongo ukabaki. Uongo wa kurithi ni kama kabati la marehemu, unalipita kila siku bila kujiuliza kwa nini lipo. Dilnaz akiulizwa habari za mdogo wake alijibu hajambo, ila Nairobi baridi tu.

Miaka kumi na moja iliyopita Yasinta aliingia dukani kutafuta kitambaa cha kumfungia Denis, ambaye alikuwa hajatimiza hata mwaka. Shahil alimwona kwenye upenyo wa pazia. Hakutoka, lakini hakuweza kunyamaza pia. Akamwambia kwa sauti asibandue kitambaa kikiwa kikavu, aloweke kwanza kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Yasinta akauliza ni nani huyo. Dilnaz, aliye mwepesi wa kujibu kuliko wa kufikiri, akasema ni fundi wa nyuma, amesomea mambo hayo.

Basi kila mama aliyefuata alimkuta huyo fundi wa nyuma. Hawakumwona hata siku moja. Waliketi kwenye benchi, mtoto mapajani, wakiliuliza pazia, na pazia likiwajibu: lengelenge litobolewe mapema kwa sindano iliyochemshwa, uji upoe kwanza, mtoto asiinuliwe kwa kwapa. Walimwita daktari. Wengine walimletea kuku.

Mimi nilimfahamu kwa bahati. Nilipeleka mihtasari isainiwe, Dilnaz katoka, na sauti ya nyuma ya pazia, ikidhani ni yeye karudi, ikaniita ndani. Nikamkuta mtu mwembamba wa miaka arobaini na tatu anakunywa chai kwa bakuli, maana sikio la kikombe humchubua. Aliomba asome mihtasari, akaisoma yote, mtu wa kwanza kufanya hivyo tangu nianze kazi hii. Akaweka kidole chini ya mstari mmoja.

"Mmeandika wagonjwa sita mkoa mzima. Mmemhesabu nani?"

Nikamjibu kwamba ni wale walioandikishwa hospitali ya rufaa. Akacheka kidogo, akaniomba nisimtaje. Sikumtaja. Siri ya watu hainihusu kuipeleka wizarani, lakini ile hesabu ya sita ikaanza kunikera kama kokoto kiatuni.

Ilinikera zaidi kwa sababu ya kanuni. Kamati yetu ilijiwekea kwamba ugonjwa wenye wagonjwa waliothibitishwa kumi au zaidi katika mkoa utapendekezwa kuingia orodhani. Wenye pungufu ya hapo unaingizwa safu ya mwisho, iliyoandikwa "Mengineyo", na ushauri wake ni kwamba uendelee kufuatiliwa. Jedwali hilo nililichora mimi, nikaona limependeza. Mapendekezo hutoka mwezi Machi kabla ya bajeti. Anayeikosa Machi anangoja mwaka mzima, na mwaka kwa mtoto wa ngozi ile ni mrefu.

Katika kikao cha Februari Dilnaz alilibwaga daftari la vipimo mbele ya mwenyekiti. Kurasa kumi na moja, watoto kumi na mmoja. Dokta Batholomeo alizifunua polepole, akasoma tarehe, akagusa vipande vya kanga. Akasema ni kazi ambayo hospitali nyingi zingeionea wivu. Akasema pia kwamba hawezi kumpelekea waziri pini na vitambaa. Alihitaji jina, umri, na jicho la daktari. Kama hawawezi kuja hospitali, yeye atawafuata dukani, na mimi nitaandika.

"Alhamisi," akasema Dilnaz, kama mtu anayeagiza chai. "Watakuja wote. Wananijua."

Wiki ile alipiga simu mpaka masikio yakamuuma. Najua alichowaambia kwa sababu alinirudia kwa fahari: kwamba enzi za kujificha zimekwisha, kwamba aibu haimfungi mtoto kidonda, kwamba serikali haiwezi kumsaidia isiyemwona. Maneno mazuri. Nilimuuliza na nyuma ya pazia je. Akaniambia Shahil ni mtu mzima, ameshazoea, na hili ni suala la watoto. Nilimtazama. Akaanza kuhesabu vifungo ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.

Alhamisi walikuja tisa kati ya kumi na mmoja. Duka lilifungwa mlango wa mbele, benchi zikajaa, watoto katika mishono yao ya nje wamekaa mbalimbali ili wasigusane. Dokta Batholomeo alivua koti, ambalo sasa bega lake lilikaa sawa, akanawa mikono, akakaa kwenye stuli. Mimi nilikuwa na fomu mapajani. Daktari akaomba wa kwanza asogee.

Hakusogea mtu.

Alieleza tena, kwa upole, kwamba hakuna atakayeshtakiwa. Akawakumbusha kuwa mficha maradhi kifo kitamuumbua. Akina mama wakaitikia kwa vichwa, kama watu wanaokubaliana na mahubiri, na kila mmoja akamvuta mtoto wake karibu zaidi. Dilnaz akapita benchi hadi benchi akiwahimiza, akitaja huyu na yule, sauti inapanda. Ndipo Yasinta aliposimama. Denis, sasa kijana wa miaka kumi na miwili kasoro, alibaki amekaa.

"Dada Dilnaz," akasema, "miaka kumi na moja nimekuheshimu, na leo nakuheshimu. Umetupigia simu tutoke tusijifiche. Mimi nikitoka nakijua ninachokiendea, nilishakaa mbele ya mtendaji. Wewe mwenzetu unatoka na nini? Na daftari?"

Dilnaz ninayemjua ana jibu la kila kitu, na kama hana anashona moja hapohapo. Safari hii alishika tu tepu iliyokuwa shingoni mwake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nisifiche, nilimkasirikia. Nilikasirika kwamba angewaacha wanawake wale waondoke, wagonjwa wabaki sita, na uongo wa marehemu baba yake ubaki umekaa salama kwenye kiti chake. Kisha nikamwona anaangalia pazia, na hasira ikanitoka, kwa sababu ulikuwa uso wa mtu anayeogopa kwa ajili ya mwingine.

"Mwenye jibu si mimi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Na sina ruhusa yake."

Nyuma, mkasi uliwekwa mezani. Tukausikia wote.

Pazia likafunguka, na Shahil akatoka. Alikuwa amevaa shati jeupe la mshono wa nje, sawa na watoto wale, ila kubwa. Alitembea polepole kwa sababu nyayo zake hazimruhusu haraka. Shingoni na mikononi alikuwa na makovu ya tangu utotoni na mawili matatu ya juzi. Yasinta aliitazama mikono ile, kisha akaitazama ya Denis. Shahil alisalimia, na aliposalimia tu, benchi zote zikageuka kumwangalia, kwa kuwa sauti waliijua.

Alikaa mbele yangu, kwenye kiti cha wagonjwa.

"Andika," akaniambia.

Nikaandika. Jina, Shahil Hanif. Umri, arobaini na mitatu. Kazi, mkata vitambaa. Dokta Batholomeo aliomba ruhusa, akaikagua mikono, akaitikia kwa kichwa kunithibitishia. Nikafika mstari wa saba, ule nilioubuni mwenyewe nikiwa ofisini na kiyoyozi changu, na kwa kuwa mkono ulishazoea nikauliza bila kufikiri: ameishi Dodoma tangu lini.

Shahil akamtazama dada yake. Hakuwa na lawama machoni, jambo ambalo naamini lilikuwa gumu zaidi kwa Dilnaz.

"Tangu nizaliwe," akasema. "Sijawahi kufika Nairobi."

Dilnaz alilia mbele za watu, yeye anayewatania watu misibani. Hakujifunika uso. Shahil akamnyooshea mkono, naye, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, akaweka kiganja chake chini ya kiganja cha mdogo wake bila kukibana. Nami niliona haya kwa ajili ya mstari wangu wa saba, na nikaona furaha pia, vyote kwa pamoja, nikashindwa kujua nianze na kipi.

"Kumbe hukusomea," Yasinta akamwambia Shahil.

"Nilisomea hapa," akajibu, akionyesha mkono wake mwenyewe.

Yasinta aliutazama tena mkono ule. Kisha akamwambia Denis asimame, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliikabili kalamu. "Denis Mathias Chilewa," akasema, akitamka kila jina peke yake ili nisikosee. "Miaka kumi na moja na miezi minane. Sikumuunguza mimi. Hilo nalo liandike."

Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hilo. Nikaliandika pembeni, na Dokta Batholomeo akaweka sahihi yake chini yake bila kuambiwa.

Baada ya hapo walikuja mmoja mmoja, na mchana ukaenda. Mama mmoja kutoka Msalato alimchukua mtoto wake na kuondoka kabla ya zamu yake. Hakuna aliyemsema, Dilnaz alimsindikiza hadi mlangoni na kumkumbusha kwamba gauni la pili litakuwa tayari Jumanne. Wawili kati ya walioandikishwa walikuwa tayari ndani ya wale sita wa hospitali. Hata hivyo, tukijumlisha, tulifika kumi na watatu. Mwezi Machi kamati ikapitisha ushauri wake bila ubishi, ugonjwa ukatoka "Mengineyo", na mwishoni mwa mwaka bandeji za kwanza zikafika. Shahil alizikagua kwa vidole na kusema zimezidiwa kidogo na kanga ya bibi, lakini zinafaa.

Dilnaz hakungoja hizo bandeji. Kikao kile kile cha Machi, baada ya kura, alisimama akasema amekuwa akikalia kiti cha mtu. Mwenyekiti akataka kumbembeleza, Dilnaz akamwambia asijisumbue, cherehani zinamngoja. Katika mihtasari niliandika kwamba mjumbe alijiuzulu kwa sababu za kifamilia. Hayo ndiyo maneno niliyoyasafisha kidogo kuliko yote.

Juni nilishuka getini Mtumba kumpokea mjumbe mpya. Alikuja na dada yake, amevaa shati la kijani, na nilikitambua kitambaa chake mara moja, walilikata pazia. Mlinzi mwenye daftari la wageni, kijana mwenye heshima zake, aliyaona mabega yenye mishono, akamsogelea na kumnong'oneza ili asimwaibishe mbele ya watu.

"Bosi, samahani, shati umeligeuza."

Nilimwona Dilnaz akivuta pumzi kujibu. Akaiachia, akamgeukia mdogo wake.

"Halijageuka, kijana," akasema Shahil. "Ndivyo linavyovaliwa. Niandike, nina kikao."